Kadi za Safari kwa Mtu wa Mtwara na Lindi: Ipi Ubaki Nayo, Ipi Uifunge

Agosti mwaka jana nilizipanga kadi zangu zote juu ya kaunta ya duka. Zilikuwa tano: mbili za mkopo, moja ya kawaida ya akaunti, moja ya kujaza kwa dola, na moja isiyoshikika kwa mkono kwa sababu ipo ndani ya simu tu. Zote nilizichukua kwa ajili ya safari. Biashara yangu ya vipuri hunitoa Mtwara kwenda Dar karibu kila mwezi, na mara moja au mbili kwa mwaka hunipeleka Dubai au Guangzhou. Nilipomaliza kupiga hesabu, moja ilikuwa inanila kila mwaka bila mimi kujua. Hapa nimezipanga kwa daraja, kuanzia inayostahili kubaki mpaka ile ya kufungwa, nikimfikiria mtu anayeishi huku kwetu, ambako fedha nyingi huingia kwa msimu.

Anza na safari, kadi zifuate

Chukua karatasi uandike safari zako za miezi kumi na miwili iliyopita: ulikwenda wapi, ulisafiri kwa nini, ulilipaje. Usiandike safari unazotamani. Wengi wetu tutakuta safari nyingi ni za basi, na nauli ya basi hulipwa taslimu au kwa simu, kwa hiyo hakuna pointi hapo, zile alama za zawadi unazobadilisha kwa tiketi na mengineyo. Mtwara hadi Dar ni kilomita zaidi ya 550 za lami. Kwa ndege ni kama saa moja, na Air Tanzania na Precision Air ndizo tulizozizoea. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, hata waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walianza kutafuta tiketi. Siku kama hiyo pointi hazikusaidii kitu. Unachohitaji ni kadi yenye fedha ndani, iliyofunguliwa kulipia mtandaoni, na inayokubali mara ya kwanza.

Jambo la pili huwachanganya watu sana. Pointi ni za aina mbili. Zipo za shirika la ndege, ambazo unazipata kwa kupanda ndege yao na kutaja namba yako ya uanachama: Twiga Miles ya Air Tanzania, ShebaMiles ya Ethiopian, Skywards ya Emirates. Kujiunga ni bure, wala huhitaji kadi yoyote ya benki. Halafu zipo za benki, unazopata kwa kulipia vitu kwa kadi. Ukifunga kadi, za shirika la ndege hubaki kwenye akaunti yako kule kule. Za benki, kwa kawaida, huondoka na kadi. Nimekutana na watu wanaong'ang'ania kadi ya gharama kwa hofu ya kupoteza maili, yaani pointi za shirika la ndege, ambazo hazihusiani na kadi hiyo hata kidogo.

Ila maili nazo huoza. Za Skywards hudumu miaka mitatu. Flying Blue ya Air France na KLM huzifuta za mwanachama wa ngazi ya chini akikaa miezi 24 bila kusafiri nao. Kwa anayetoka nje ya nchi mara moja kwa mwaka, kujaza kapu la shirika moja kuna faida kuliko kudondosha chache chache kwenye makapu manne.

Namba moja: kadi ya kawaida ya akaunti yako

Hii usiifunge. Najua haina pointi za kujivunia, lakini kwa mtu wa huku ndiyo kadi bora ya safari. Unatumia fedha yako mwenyewe, riba haipo, na ikiwa ni Visa au Mastercard itakubalika kwenye tovuti za mashirika ya ndege na kwenye hoteli nyingi. Kabla hujaondoka nenda tawini au ingia kwenye programu ya benki uhakikishe mambo matatu: imefunguliwa kwa matumizi ya nje na ya mtandaoni, kiwango cha kutoa kwa siku kinakutosha, na laini yako ya simu itapokea ujumbe ukiwa nje. Hilo la tatu ndilo huwaumiza wengi. Unalipa hoteli ukiwa Dubai, benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Tanzania, laini haijaunganishwa nje, malipo yanakwama.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Hoteli ikizuia amana, ile dhamana inayoshikiliwa ukiwa mgeni wao, inazuia fedha yako halisi. Hata baada ya kuondoka, fedha hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, na wewe bado una mzigo wa kulipia. Kwa sababu hiyo kadi ya mkopo imepata nafasi ya pili kwenye orodha yangu.

Namba mbili: kadi moja ya mkopo, na masharti yake

Nasema moja. Kwenye amana za hoteli na kukodi gari nje haina mpinzani, maana kinachozuiwa ni kikomo cha mkopo, akiba yako hainaswi. Ukilipa deni lote la taarifa ya mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida ununuzi wako hautozwi riba. Pointi hapo zinakuwa faida kweli.

Ukilipa nusu nusu, ni kangomba. Sisi tunaijua kangomba: mtu amebanwa na shida Julai au Agosti, mnunuzi wa mtaani anampa fedha leo kwa bei ya kutupa, mnada ukifunguliwa Oktoba korosho si zake tena. Kadi ya mkopo inayobeba deni mpaka msimu inafanya vile vile. Tuseme umenunua bidhaa za milioni mbili mwezi Juni ukitegemea kulipa Novemba, na kadi inatoza asilimia 3 kwa mwezi. Miezi mitano ni shilingi 300,000, bila kuhesabu riba juu ya riba. Ukipewa pointi moja kwa kila shilingi 1,000, na kila pointi ikawa na thamani ya shilingi 10, umepata 20,000. Umetoa laki tatu kununua elfu ishirini.

Kwa hiyo kama kipato chako ni cha korosho au ufuta, au wateja wako ni wakulima wanaokulipa mnada ukishatoka, na huna akiba ya kulipia kadi miezi mikavu, mimi ningekushauri usiwe nayo kabisa. Mwenye mshahara wa kila mwezi, mwalimu, daktari, mtu wa kiwanda au wa gesi, anaweza kuibeba bila tabu.

Usiitumie kutoa fedha kwenye mashine ya ATM. Hapo kuna ada, na riba huanza kuhesabiwa siku ile ile.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, ambao huku Kusini ni wengi: hata ukilipa kwa wakati, mkataba uliosaini una kifungu cha riba. Asiyetaka kugusa hilo aruke daraja hili, kadi ya kwanza na ya tatu zitamtosha.

Namba tatu: kadi ya kujaza kwa dola

Nzuri kwa mwanafunzi aliye nje, kwa anayekwenda hija, na kwa mgonjwa anayepelekwa India huku ndugu wakimjazia kutoka nyumbani. Hawezi kutumia zaidi ya kilichomo, na ikiibwa, akaunti kubwa iko salama. Angalia ada ya kujaza, ada ya mwezi na bei ya kubadilishia shilingi kuwa dola, maana benki huchukua faida yake hapo bila kuiita ada.

Dubai inafanya kazi vizuri kwa sababu dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997. China ni tofauti. Shilingi inageuzwa dola, dola inageuzwa yuan, na kila mgeuzo unakula. Kwa safari za Guangzhou mimi huunganisha kadi yangu ya Visa na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, maana maduka madogo kule hayana haja na kadi ya plastiki. Malipo ya hadi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayana makato ya Alipay, yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Chakula na teksi, sawa. Mzigo wa vipuri hulipiwa kwa uhamisho wa benki.

Ndani ya nchi kadi ya dola iweke kabatini. Kanuni za Tanzania za 2025 kuhusu fedha za kigeni zinataka bei na malipo ya ndani viwe kwa shilingi, kwa hiyo ukiitumia Dar unabadilisha fedha mara mbili bila sababu.

Namba nne: kadi iliyo ndani ya simu

Hizi za mitandao ya simu na za baadhi ya benki, zenye namba tu bila plastiki. Zinafaa kununua tiketi mtandaoni. Hazifai kutegemewa kwenye kaunta ya hoteli, wala kwa shirika la ndege linalotaka kuiona kadi iliyolipia tiketi. Kama haina ada ya kukaa nayo, iache iwe akiba.

Namba tano: kadi ya pili ya mkopo, ile ya heshima

Hii ndiyo niliyoifunga. Ada yake ilikuwa shilingi 240,000 kwa mwaka. Nilipitisha milioni tisa mwaka mzima, nikapata pointi 9,000 zenye thamani ya 90,000. Faida iliyonivuta kuichukua ni ukumbi wa kupumzikia wasafiri kwenye uwanja wa ndege wa Dar. Ukumbi ule uko Terminal 3, kwenye ndege za nje, na safari zangu kumi za Dar na Mtwara zote zinapita Terminal 2. Niliuingia mara moja. Nikauthamini kwa bei ya chakula kizuri, 50,000. Jumla 140,000 dhidi ya ada ya 240,000.

Bado kulikuwa na makato ya kulipia kwa fedha za kigeni. Nilitumia milioni sita nje, kadi hii ikakata asilimia 3, wakati ile nyingine ya mkopo ingekata moja na nusu. Hapo nimeachia 90,000 zaidi. Kwa hiyo kadi ya heshima ilinigharimu 190,000 juu ya faida yote iliyonipa. Hesabu hii ifanye na yako, kwa karatasi za ada za benki yako mwenyewe, maana viwango hutofautiana sana.

Namna ya kufunga bila kujiumiza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niliumia. Miaka michache nyuma nilifunga kadi nyingine wiki mbili baada ya safari iliyofutwa. Shirika la ndege likarudisha nauli kwenye kadi ile ile niliyolipia, kama utaratibu unavyotaka, na kadi ilikuwa imeshafungwa. Fedha ikawa hewani. Benki inasema haijaiona, shirika linasema limeshatuma, na mimi niko Mtwara napiga simu Dar kila asubuhi. Ilichukua karibu miezi minne. Usifunge kadi yenye tiketi ambayo hujasafiria, marejesho yanayosubiriwa, au amana ambayo hoteli haijaiachia.

Kwanza tumia au hamisha pointi za benki. Kisha hamishia malipo yanayojikata yenyewe, kama ya filamu au hifadhi ya picha, kwenye kadi nyingine. Lipa deni lote, halafu subiri taarifa ya mwezi unaofuata, kwa sababu kama ulikuwa na deni lililovuka mwezi, riba ya zile siku za katikati hujitokeza baadaye. Shilingi elfu nne iliyosahaulika inaweza kugeuka deni la kucheleweshwa na kufika Creditinfo au Dun & Bradstreet, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, wanakotazama benki ukija kuomba mkopo wa kweli. Peleka ombi kwa maandishi kabla ya tarehe ya ada ya mwaka, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Wanaweza kukubembeleza. Kijana wa tawini aliniambia, "Mama, kabla hatujafunga, tukuondolee ada ya mwaka huu?" Alikuwa na adabu, na ofa yenyewe ilikuwa ya kweli. Nikamuuliza, "Na mwakani, mwanangu?" Akatabasamu, akavuta fomu. Kama kadi yako imekupungukia kidogo tu, ofa hiyo ipokee, uandike tarehe kwenye kalenda, uipime tena baada ya miezi kumi. Yangu ilikuwa imezidiwa mno.

Kadi niliikata mbele yake, mkasi ukipita kwenye chipu na kwenye ule utepe mweusi wa nyuma. Barua ya kuthibitisha kufungwa ilitoka wiki ya sita, baada ya kuifuata mara mbili. Iko kwenye faili moja na leseni ya biashara.