Ufagio mfupi wa chelewa na ndoo ya lita 5 kwa watoto wadogo

Kwa miezi mitatu sasa watoto wangu wawili, wa miaka minne na sita, wamekuwa wakitumia vifaa vya usafi nilivyowanunulia Kariakoo, Dar es Salaam: ufagio mfupi wa chelewa, kizoleo cha bati, ndoo ya plastiki ya lita 5 na tambara la kudekia, vyote kwa shilingi 11,500. Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua seti ya kuchezea katika duka moja la vitu vya watoto, kwa bei inayokaribia mara mbili ya hiyo, na mpini wa ufagio wake ukachomoka siku ya nne. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ufagio ule haukusogeza hata mchanga wa mlangoni. Binti yangu alifagia, akaona uchafu uko pale pale, akauweka chini na kusema kwamba yeye hajui kufagia. Mtoto akipewa kifaa kisichofanya kazi, lawama huibeba yeye. Ndiyo maana katika shule zinazofuata mbinu za Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Kiitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, watoto hufagia kwa fagio za kweli zilizopunguzwa kimo.

Ufagio wa chelewa ndio ninaousifu kuliko vyote. Mama aliyeniuzia alichukua ufagio wa kawaida, akaufungua, akatoa karibu nusu ya njiti ili shina lienee kwenye kiganja cha mtoto, kisha akaukata upande wa kushikia. "Ncha usiziguse, mwanangu," alinieleza, "ndizo zinazonesa." Nilimwelewa vizuri nilipojaribu kupunguza ncha za ufagio mwingine nyumbani, nikabaki na kitu kigumu kinachokwangua sakafu na kurusha vumbi. Shina limefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao hulegea baada ya wiki mbili au tatu na njiti zikaanza kuchomoka, lakini kuukaza upya ni kazi ya dakika mbili.

Ndoo ni nzuri, ila ikijaa maji huwa na uzito wa kilo 5, ambao mtoto wa miaka minne hawezi kuubeba bila kujimwagia. Nilichora mstari kwa rangi ya kucha kwenye kiasi cha lita 2, na tangu siku hiyo watoto huteka maji wenyewe bombani mpaka kwenye mstari. Mshikio wa waya ulikuwa ukiwaumiza vidole, nikauvisha kipande cha mpira.

Kizoleo sikipendekezi. Kingo zake zilikuwa kali hata nikalazimika kuzipondaponda kwa nyundo kabla ya kuwapa, na mdomo wake haulali sawasawa sakafuni, kwa hiyo vumbi jembamba hupita chini yake. Afadhali kununua cha plastiki.

Kila jioni kabla ya kuoga, mdogo hufagia baraza na kaka yake hudeki. Huchukua zaidi ya nusu saa kwa kazi ambayo ningeimaliza kwa dakika kumi, na sijawahi kuirudia nyuma yao. Atakayekwenda kununua aende na mtoto mwenyewe, ili ufagio ukatwe huku ameushika.