Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili: uanze na nani?

Rafiki yangu aliyeacha kusoma Kiswahili tangu sekondari aliniuliza anunue riwaya gani ya upelelezi. Nikamwuliza: unataka kufumbua fumbo au unataka mbio? Wapelelezi wetu wanaachana hapo hapo.

Kama fedha inatosha kitabu kimoja, mchukue Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa hafukuzani na mtu. Yeye na kiko chake, rafiki yake Najum kando yake, anatupa swali linaloonekana la kipuuzi. Kurasa nyingi baadaye unagundua lilikuwa ndilo lenyewe, nawe ulilipita mbio. Kwa sababu ya kiko, wengi humfananisha na Sherlock Holmes. Haya, lakini Holmes hajui soga za barazani, na huyu kazi yake nusu ni kusikiliza watu wanavyosema. Mimi ningeanza na kisa chake kingine, Kisima cha Giningi (1968): kwa Wazanzibari Giningi ni makazi ya wachawi, kwa hiyo jina tu limeshakutia baridi kabla hujafungua jalada. Kiswahili chake ni cha Unguja hasa. Mtu wa bara weka kamusi karibu, wala si aibu.

Nafasi ya pili imenisumbua. Nimempa Willy Gamba wa Elvis Musiba, kwa sababu moja: ukianza Kufa na Kupona (1974) jioni, hulali. Ni jasusi wa serikali, nyaraka za wapigania uhuru zimeibiwa Dar es Salaam, msako unampeleka Nairobi. Hapa hakuna la kufumbua. Kuna bastola, magari na hoteli. Wanawake wamechorwa kama mapambo, na hilo linachosha ukishapita ujana.

Joram Kiango wa Ben Mtobwa anamfuata kwa karibu sana, na siku nyingine ningewabadilisha. Mtobwa anaandika sentensi nyepesi kuliko wote, na Nuru, mwenzake Joram, ana akili zake mwenyewe. Kijana anayesema Kiswahili ni kigumu, mpe Tutarudi na Roho Zetu? umwache.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, ni ya kuazima. Isome ujue bara ilianzia wapi, kisha umrudishie mwenyewe.

Sasa nakala. Toleo jipya ukilipata, lipa. Fotokopi iliyobanwa kwa waya iache, mwandishi au warithi wake hawapati kitu. Mtumba wa kando ya njia ni halali yako, ila usiangalie jalada. Geuza kitabu, anzia nyuma. Gundi ya matoleo ya zamani hukauka, na karatasi za mwisho ndizo zinazodondoka kwanza. Hesabu namba za kurasa kumi za mwisho ukiwa bado umesimama pale pale, muuzaji akinuna mwache anune. Mimi sikuhesabu. Nilipanda daladala na Bwana Msa wangu, nikamaliza usiku wa pili, yuko tayari kumtaja muuaji, nikafunua: jalada la nyuma. Muuaji nilimjua mwaka uliofuata, kwa nakala ya kuazima.