Kambi ya kalingi nje ya nchi: Stirling tuliipenda, ule ukumbi wa pili hapana

Kama timu yenu inajiandaa na mashindano ya kalingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu yafike kwenye shabaha, na mnatafuta pa kuweka kambi ughaibuni, mimi nasema nendeni Stirling, Uskoti, pale National Curling Academy. Ukumbi ulifunguliwa 2017, na ndipo walipojifulia kina Eve Muirhead waliobeba dhahabu Olimpiki ya Beijing 2022 na kina Bruce Mouat waliochukua fedha mwaka huohuo. Majina makubwa hayo, ila siyo yaliyonifanya niandike hapa. Kilichonifanya niandike ni barafu.

Barafu ya pale ni ya kalingi tu, hakuna anayeteleza na viatu vya chuma, na hilo linabadilisha kila kitu jamani. Kabla ya zoezi fundi wa barafu anatembea kinyumenyume, tangi la maji mgongoni, anapunga bomba kulia kushoto na matone yanaganda palepale yanapodondokea, ukichuchumaa unaviona vile vipele vidogovidogo vimejaa njia nzima. Jiwe la karibu kilo 20 linapita juu ya vipele hivyo tu, maana kwa chini lina kibonde katikati, linagusa kwa ukingo mwembamba wa duara. Vipele vikilingana, jiwe linakwenda ulikolituma na kupinda pale unapotegemea lipinde. Ukikosa nyumba, yale maduara ya shabaha kule mwisho wa njia, unajua ni mguu wako umetoka vibaya au umeachia kwa nguvu mno, basi unarekebisha, unarudia. Mazoezi ndio hayo.

Halafu kuna mawe. Timu haisafiri na mawe, unabeba brashi na viatu vyako basi, mawe ni ya ukumbi. Na hata yakiwa ya matale mazuri ya kisiwa cha Ailsa Craig bado kila moja lina tabia yake, moja linawahi kupinda, jingine linanyooka weee hadi mwisho ndo linakata. Kwahiyo sisi mwanzoni hatukucheza mechi kabisa, tulikuwa tunayasoma, mmoja anarusha, mwingine ameshika saa, hakuna kufagia barafu mbele ya jiwe kwa brashi, nahodha kule mwisho anaandika kila jiwe limepinda kiasi gani na kwa sekunde ngapi. Baadaye tukayapanga mawili mawili yanayofanana, maana kila mchezaji anarusha mawili kwa raundi na ukipewa mawili yenye tabia tofauti unateseka bure. Kwenye mashindano muda wa kujaribu mawe ni mfupi sana, na kabla ya mechi kuna yale marusho ya kupimana nani kakaribia katikati ya nyumba ili apate jiwe la mwisho raundi ya kwanza, sasa timu ambayo haijazoea kusoma mawe mageni haraka inaanza mechi ikiwa nyuma tayari.

Ukumbi wa pili jina naliacha. Ni wa kila mtu, hoki, watoto wa kuteleza, na jioni moja ndo kalingi. Tulipewa barafu muda mfupi tu baada ya hoki kuisha, wakamwaga vitone juujuu, mikwaruzo ya viatu bado inaonekana kwa macho. Upande mmoja ulikuwa umeinama, unazungusha jiwe liende kulia lenyewe linarudi kushoto, mfagiaji anafagia mpaka mabega yanawaka na hakuna kinachosaidia. Kijana wetu anayerusha wa kwanza akaanza kubadilisha mrusho wake ili aiweze ile barafu, hapo tukasimamisha zoezi, kwa sababu hiyo ni tabia mbaya utakayokuja kuing'oa kwa shida sana baadaye. Najua mashindano makubwa nayo huchezwa kwenye viwanja vya hoki, ila kule mafundi wanaijenga barafu upya kwa ajili ya kalingi, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwahiyo kabla hamjalipia popote ulizeni barafu ni ya kalingi peke yake au la, mawe yao yaliangaliwa lini, na je fundi atamwaga vitone upya kati ya zoezi la asubuhi na la mchana, maana vipele vinasagika jinsi mnavyocheza na mawe yanabadilika mwendo. Na ombeni kuongea na fundi mwenyewe, sio mtu wa mapokezi. Wa Stirling alitueleza njia ipi ina kasi na ipi nzito kabla hatujavaa viatu, tukaenda kuanzia kwenye ile nzito.