Kipima mtetemo cha mkononi: nyota nne kwenye mashine ya kusaga, sifuri kwenye kinu cha alizeti

Nakitumia kwenye mashine ya nyundo ya kusaga mahindi hapa Kibaigwa, inayoendeshwa kwa mikanda na mota ya kilowati 22, mizunguko 1,470 kwa dakika. Kinasoma kasi ya mtetemo kwa milimita kwa sekunde, kati ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 10 na 1,000.

Kukishikiza kwenye mashine tumia sumaku, achana na ile sindano ya kugusia. Sindano hubadilisha namba kadiri mkono unavyokandamiza. Kwangua rangi, bandika kwenye nyumba ya beringi (kamwe si kwenye kava la bati), kisha piga alama ili upime palepale kila wiki. Pima mlalo, wima na kufuata urefu wa shafti. Kwa mota za kilowati 15 hadi 75, ISO 10816 (kiwango cha kimataifa cha mtetemo, ambacho sasa nafasi yake imechukuliwa na ISO 20816) ilivumilia hadi 2.8. Ikivuka hapo, panga matengenezo, ikivuka 7.1, zima.

Namba kubwa peke yake haikuambii ugonjwa. Fungua mikanda, uwashe mota tupu. Ikitulia, tatizo liko kwenye mashine au puli. Isipotulia, kata umeme huku ukitazama kioo cha kifaa: namba ikidondoka papo hapo, kagua volti za fezi zote tatu, ikishuka taratibu pamoja na mwendo, sababu ni ya kimakanika.

Namba ya mlalo ikiwa juu na ya kufuata urefu wa shafti iko chini, shuku uzito usiolingana. Mara nyingi ni nyundo: mtu kabadilisha mbili zilizokatika akaacha zilizolika upande wa pili. Badilisha seti nzima, na pima mistari inayotazamana kwa mizani. Mimi sivumilii tofauti ya zaidi ya gramu 5. Sugua pia unga ulioganda kwenye mapanga ya feni kabla hujamlaumu mtu. Namba ya kufuata shafti ikipanda, puli huenda hazijanyooka: vuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili. Kama kingo za puli zina upana sawa, lazima uzi uguse sehemu nne. Mguu mmoja wa mota ukitetemeka kuliko mingine, zima, legeza bolti yake. Ukinyanyuka zaidi ya milimita 0.05, weka shimu (kipande cha bati cha kujazia) moja ya unene huo. Vipande vingi vya kopo la soda vinageuka springi.

Kipimo cha mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika ghafla) kinasaidia kunusa beringi inayoanza kuchoka, ila hakina kikomo cha jumla: linganisha na namba zako za zamani. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu kifaa hakionyeshi masafa (mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde), hivyo kutenganisha shafti iliyopinda na puli iliyokaa vibaya kunabaki kazi ya macho.

Kinu cha alizeti ni habari nyingine. Shafti nyingi za kukamulia huzunguka chini ya mara 100 kwa dakika, na Hz 10, mwanzo wa usomaji wa kifaa hiki, ni mizunguko 600 kwa dakika. Kioo kitaandika 0.4 huku shafti inayumba mbele ya macho yako. Hapo weka geji ya mshale (inayoonyesha shafti inayumba kiasi gani) kwenye shafti, uizungushe kwa mkono.