Miezi 10 na buti za usalama bustanini: uzoefu wangu hapa Tanga

Buti ninazozieleza hapa ni za ngozi nyeusi, zenye kofia ya chuma inayofunika vidole, bamba la chuma lililolala ndani ya soli, na alama ya S3 iliyochapwa kwenye ulimi, yaani daraja la buti za usalama zenye bamba la namna hiyo na ngozi ya kuzuia maji. Nilizinunua mwezi Machi, siku chache kabla masika hayajaanza, katika duka la vifaa vya ujenzi huko Ngamiani kwa shilingi 68,000, na tangu wakati huo nimezivaa karibu kila siku ya kazi, kitaluni kwangu Pongwe na kwenye bustani mbili za Raskazone ambazo nalipwa kuzikata majani. Chapa yake siitaji, kwa sababu madukani zipo chapa nyingi zenye alama hiyohiyo, na alama ndiyo ya kutazama.

Kabla ya hizi nilikuwa na jozi ya mtumba, na sina budi kuianza hiyo kwa kuwa ndiyo iliyonifunza kununua. Ngozi yake iling'aa, soli haikuwa imelika hata kidogo, na bei ilikuwa shilingi 25,000. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Wiki ya tatu, nikisukuma toroli la mbolea, kisigino cha kulia kilimeguka kama kashata iliyolala, na kufikia jioni cha kushoto nacho kilikuwa kimeacha vipande njia nzima. Fundi viatu alikikataa hata kukipaka gundi. Soli nyingi za viatu vya aina hii hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huharibiwa polepole na unyevu hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa, kwa hiyo kiatu kinachoonekana kipya baada ya kuhifadhiwa miaka mingi kinaweza kuwa kimeoza ndani. Kwa pwani yetu hii, ambako hata chumvi hulowa kwenye kikopo chake, hilo si jambo dogo. Siku hizi sitoi fedha kabla ya kutafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 kinataka iandikwe kwenye kila kiatu cha usalama, na kabla ya kubonyeza kisigino kwa ukucha wa dole gumba.

Kiwango hichohicho kinataka kofia ya vidole ihimili pigo la jouli 200, ambalo ni kama jiwe la kilo 20 likidondoka kutoka kimo cha mita 1, pamoja na mgandamizo unaokaribia uzito wa tani 1 na nusu. Nikiri kwamba bustanini sina kitu cha uzito huo kinachodondoka, isipokuwa kole la nazi, na hilo kichwa ndicho kingelipokea kwanza. Kilichonifaa zaidi ni lile bamba la ndani, ambalo wauzaji wengi hawalitaji kabisa. Kando ya kibanda changu cha Pongwe kuna mbao za zamani zilizobaki na misumari yake, na mwaka jana kijana anayenisaidia alikanyaga mmoja akiwa na ndala. Ulitokeza juu ya unyayo, akaenda kuchomwa sindano ya pepopunda na akakaa nyumbani siku 9. Mwezi Juni nilikanyaga mbao kama hiyo mimi mwenyewe. Nilisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, nikainua mguu na mbao ikainuka nao, msumari ukiwa umezama kwenye mpira wa soli na kuishia hapo. Tundu lake bado lipo, nami hulichokonoa udongo kwa njiti ninapozisafisha. Anayefikiria kununua S1 kwa sababu ni rahisi ajue kwamba S1 ya kawaida haina bamba hilo, wala ngozi yake haikutengenezwa kuzuia maji.

Kwenye mashine ya kukatia majani nina maneno zaidi. Yangu ni ya kusukuma, kisu chake kina urefu wa sentimita 46 na kibandiko chake kinasema mizunguko 2,900 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha ya kisu inakwenda takriban mita 70 kwa sekunde, yaani kilomita 250 kwa saa. Hakuna buti la kuzuia kitu hicho kikikupata sawasawa, na sitaki mtu asome maelezo haya akadhani lipo. Marekani, tangu 1982, mashine za kusukuma za matumizi ya nyumbani zinatakiwa kuwa na mpini ambao ukiuachia kisu kinasimama ndani ya sekunde 3. Yangu nilipoinunua ilikuwa na mpini huo, ila aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameufunga kwa waya ili asipate taabu ya kuushika. Niliukata waya siku hiyohiyo.

Buti hufanya kazi kabla ya kufikia hapo, na kazi hiyo ni kukushikilia usiteleze. Bustani moja ya Raskazone inateremka kuelekea baharini, na ukoka wake asubuhi huwa umelowa umande. Nikiwa na raba za kawaida niliwahi kuteleza nikaivuta mashine hadi ikasimama shibri moja tu kutoka kwenye vidole. Meno ya soli ya buti hizi ni marefu, yanauma ardhi, ingawa yakishajaa tope la kitaluni yanakuwa kama hayapo na ni lazima uyakwangue. Kofia ya chuma nayo ilipata siku yake, pale kisu kilipokirusha kipande cha jiwe la matumbawe kilichojificha ndani ya majani. Ngozi ilichanika kwa urefu wa nusu kidole na chuma kikaonekana kikimetameta. Mimi nilihisi kama mtu amenigonga kwa kijiko.

Kasoro zipo. Joto la Januari ndani ya buti hizi halisemeki, na asiyebadili soksi mchana atakaribisha fangasi. Goko liko wazi, kwa hiyo ninapofyeka vichaka kwa mashine ya kubeba begani navaa gambuti zenye kofia ya chuma, na hizo ndizo ninazozitumia pia nikigeuza samadi mbichi au wakati wa mvua. (Wanaoingia kwenye udongo wenye unyevu miguu mitupu wakumbuke minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya unyayo.) Kamba za mwanzo zilikatika mwezi wa tano. Malalamiko yangu makubwa, hata hivyo, ni namba: mguu wangu ni 38, na maduka manne niliyopita yalianzia 40, kana kwamba wanawake hatushiki mashine. Niliishia kuchukua 40 na kuvaa soksi mbili, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa mguu unaocheza ndani ya kiatu haukamati ardhi vizuri.

Kijana wangu nilimnunulia jozi yake namba 42. Mwanzoni aliniambia, "Mama, hivi ni viatu vya askari," lakini sasa analalamikia jambo moja tu, nalo nakubaliana naye: adhana ya adhuhuri ikilia, kufungua kamba zote zile na kuzifunga tena baada ya swala kunamla dakika nyingi. Ndala zake amezitundika kwenye msumari wa kibanda kwa ajili ya kutilia udhu, na safari ijayo ananiomba nitafute buti zenye zipu ubavuni.