Corrour, Uskoti: usiku mmoja peke yangu kwenye kibanda kisichofungwa mlango

Nilipomwambia mama kwamba siku zangu mbili za mapumziko nakwenda kulala porini, peke yangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani nani kakufukuza, mwanangu?"

Sikumshangaa. Kwetu ni Idodi, Tanzania, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, ambako usiku simba wanasikika na mtu halali porini kwa kupenda. Bibi alitulea kwa amri moja: giza likishaingia, hata chooni huendi bila taa na mtu wa kukusindikiza. Mimi sasa nahudumia wazee hapa Aberdeen, mwaka wa sita. Ni kazi ninayoipenda, lakini ni kazi ya kuitwa. Kengele hii, kengele ile, jina langu mara mia kwa siku. Nilitamani siku moja tu mahali ambapo hakuna anayeniita.

Ndipo nikasikia habari za vibanda vinavyoitwa bothy. Ni nyumba ndogo za mawe zilizobaki milimani, nyingi zilikuwa za wachungaji na walinzi wa wanyama. Chama cha watu wanaojitolea, Mountain Bothies Association, kilianza mwaka 1965 na leo kinatunza vibanda kama mia moja, vingi vikiwa Uskoti. Huweki nafasi na hulipi kitu. Unasukuma mlango, unaingia. Umeme hakuna, bomba hakuna, kitanda hakuna. Corrour, ninachokieleza hapa, kilijengwa mwaka 1877 kwa ajili ya mlinzi wa kulungu, na kiko katikati ya milima ya Cairngorms, kwenye njia ya kale inayoitwa Lairig Ghru.

Kufika si kazi ngumu, ila ni mwendo. Basi namba 201 kutoka Aberdeen hadi Braemar, halafu teksi mpaka Linn of Dee, halafu miguu, kama kilomita kumi na mbili. Nilitembea saa nne na ushee, begi likiwa na kilo kumi na tatu. Sehemu moja tu naisisitiza: kijito cha Luibeg. Njia inakupeleka kwenye kivuko cha mawe ambacho siku ya jua kinaonekana cha kuruka tu. Panda juu kidogo, kuna daraja. Huku hakuna simba, chui wala fisi. Wanaokufa kwenye milima hii hufa kwa mito iliyojaa, kuanguka, ukungu, na baridi inayompata mtu aliyelowa. Nilisimama pale kivukoni nikatazama maji yale, meupe, yanazungusha mawe chini, nikasikia kabisa sauti ya bibi. Nikapanda hadi darajani.

Kibanda chenyewe ni chumba kimoja cha mawe. Unavuka mto Dee kwa daraja jembamba na unakiona mbele yako, kidogo mno chini ya mlima Devil's Point, wenye mita 1,004, ambao mwamba wake ulikuwa unang'aa kwa maji kama umepakwa mafuta. Ndani palikuwa pakavu. Kipo choo cha mboji, kitu ambacho vibanda vingi vya aina hii havina. Kwingine unapewa koleo uende mbali. Miti hakuna, hivyo ukitaka moto beba makaa yako. Maji nilichota kijitoni nikayachemsha. Kosa nililolikuta ni la wageni wenzetu: mikebe mitupu ya gesi na chupa mbili za pombe zimeachwa dirishani. Hakuna gari la taka linalokuja pale. Anayezibeba ni mtu wa kujitolea, kwa mgongo wake. Nilibeba nilizoweza.

Sasa usiku. Ilikuwa Jumanne, mwisho wa Septemba, na hakuja mtu mwingine. Siku za wikendi pana watu, nimeambiwa na aliyenielekeza. Kabla ya safari nilikuwa nimesoma habari za Norman Collie, profesa wa kemia na mpanda milima, aliyewaeleza wenzake mjini Aberdeen mwaka 1925 jambo lililompata mwaka 1891 juu ya Ben Macdui, mlima ulio ng'ambo ya bonde hilohilo. Alikuwa peke yake kwenye ukungu, akasikia nyayo nyuma yake, hatua moja kwa kila hatua zake tatu au nne. Alikimbia. Wenyeji wana jina la huyo anayetembea, Am Fear Liath Mòr, mtu mkubwa wa kijivu. Kwetu tungesema mzimu wa mlima, na wala tusingembishia profesa.

Saa tatu usiku, ngurumo. Si radi. Sauti nzito ya kifua, ndefu, ikajibiwa na nyingine kutoka upande wa pili wa bonde. Ni kulungu wekundu madume, msimu wao wa kupandana, wanatishiana. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimesoma. Lakini mwili wangu umelelewa Idodi, na mwili haukusoma. Nilikaa kitako ndani ya begi la kulalia, mikono imekuwa baridi, nikitazama mlango.

Mlango haufungwi, na ndivyo ulivyokusudiwa. Nikaamka, nikalivuta begi langu lote na kulisukuma mlangoni, nikarudi kulala. Sikulala. Nilianza kuwaza: akija mtu saa hizi kutoka kule juu, amelowa, mikono haifanyi kazi, asukume mlango ukatae? Kwetu mtu akipiga hodi usiku wa mvua unaitika kwanza, maswali baadaye. Hiki si chumba changu. Nilikaa na wazo hilo kitambo kirefu, kulungu wakiendelea. Mwisho nikaamka tena, nikaliondoa begi, nikaliweka kwenye pembe. Nikapitiwa na usingizi. Hakuja mtu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya mto, na nje palikuwa na alama za kwato mbichi hatua tano kutoka nilipolala. Nilichemsha chai ya tangawizi. Maji yalipotokota nikasema "haya", nikashtuka kusikia sauti yangu, maana tangu jana mchana nilikuwa sijaitumia. Hicho ndicho nilichokifuata, na ningekilipia kama kingeuzwa. Na hofu ilikuwa sehemu yake. Kila fundo la kiatu nilifunga nikiwa nalitazama. Kila jiwe nililokanyaga nililipima. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwapo mahali kiasi hicho.

Mwenye kutaka kwenda: simu haikushika mtandao huko, hivyo beba ramani ya karatasi na dira, na uwe unajua kuzitumia. Acha mpango wako kwa mtu. Mimi nilimwandikia rafiki yangu: nisipokupigia Jumatano kufikia saa kumi na mbili jioni, piga 999, omba polisi, waambie ni uokoaji wa milimani. Msiende kundi la watu sita au zaidi. Kama hujawahi kulala nje kabisa, anza na mwenzako, na anza na kibanda cha karibu zaidi na barabara. Beba na hema, maana ukikuta kimejaa utahitaji pa kulala.

Nilimpigia rafiki yangu kutoka Braemar saa kumi na moja na nusu. Kisha nikampigia mama. Alitaka kujua nilikula nini, na kama nilivaa soksi. Halafu akauliza kama huo mlango una komeo zuri. Nikamwambia hauna, mama, haufungwi. Akasema nimrudie maneno hayo.