Vitabu vya TET kwa Kijana Anayesomea Nyumbani: Tathmini ya Mzazi wa Iringa

Kwa familia ya Iringa yenye kijana wa umri wa sekondari ambaye hawezi kuendelea na shule ya kawaida, nathubutu kusema kwamba vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ndivyo vya kuanza navyo, hata kama mzazi ana uwezo wa kuagiza vya nje. Nasema hivyo baada ya kuvitumia na binti yetu, ambaye alitolewa bweni akiwa kidato cha kwanza kwa sababu kifua chake hakikuihimili baridi ya Njombe, na baada ya kuvilinganisha na mtaala wa Cambridge ambao ndugu zetu wa Mbeya wameuchagua kwa kijana wao.

Kabla ya kununua chochote ni lazima ijulikane kijana atafanya mtihani gani na atausajilia wapi, kwa kuwa mtoto wa darasa la pili huweza kubadilishiwa vitabu bila madhara makubwa, ilhali kijana wa miaka 15 hana muda huo. Katika mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kijana asiye shuleni huingia kama mtahiniwa wa kujitegemea; asiye na sifa inayotokana na upimaji wa kidato cha pili hutangulia kufanya Mtihani wa Maarifa, ambao wengi wanauita QT, na akiufaulu ndipo anaposajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mzazi anayetaka mtoto aje kuingia kidato cha tano akumbuke pia kwamba anahitaji angalau alama ya C, yaani kuanzia 45, katika masomo matatu yasiyo ya dini.

Toleo la kitabu nalo si jambo dogo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, ukiwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali (yaani wa ufundi), pamoja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Madukani matoleo ya zamani bado yamepangwa pamoja na mapya, na kituo kimoja cha masomo ya jioni kilituuzia lundo la notisi zilizorudufiwa za mtaala wa zamani huku kikituhakikishia kuwa ndizo zinazotumika. Ni afadhali kwenda kwa afisa elimu wa halmashauri na kuuliza wazi kijana wa rika hilo atatahiniwa kwa mtaala upi.

Sifa kubwa ya vitabu vya TET ni kwamba vinapatikana bure katika Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo, ingawa mtandao ukisuasua kurasa zenye michoro hukawia kufunguka, nasi tuliishia kununua nakala za karatasi kwa masomo ya sayansi na hisabati. Maelezo ni mafupi, mifano ya hesabu imefuatwa hatua kwa hatua, na mazoezi yanatosha. Katika fizikia, mada ya densiti inataka kopo la Eureka, yaani kopo lenye mrija ubavuni la kupimia maji yanayomwagika kitu kikizamishwa, ambalo nyumbani hatuna. Tulikata chupa ya maji, tukatoboa tundu ubavuni na kuingiza mrija, kisha tukazamisha jiwe lililookotwa chini ya mwamba wa Gangilonga hapa mjini. Jiwe la gramu 130 lilimwaga mililita 50 za maji, yaani densiti ya gramu 2.6 kwa mililita, ambayo ndiyo hasa inayotarajiwa kwa mwamba wa graniti. Historia nayo inapofika Zama za Mawe, Isimila, eneo la mabaki ya kale, iko kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya, na mashoka ya mawe yenyewe yako pale chini yanaonekana.

Kasoro yake ni kwamba vimeandikwa kwa ajili ya darasa. Kila baada ya kurasa chache kuna kazi ya kikundi, na mwanafunzi aliye peke yake mezani hubaki akijadiliana na mama yake, ambaye ana chungu jikoni. Aidha, isipokuwa masomo machache, vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anahitaji mtu wa kumfafanulia, hasa katika biolojia.

Pengo hilo kwa kiasi fulani linazibwa na kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo NECTA huziweka bure katika tovuti yake. Ndani yake kuna picha za majibu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, mazuri na mabovu, pamoja na maelezo ya nini kilikosekana. Kwa maoni yangu zina thamani kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu kinachouzwa stendi.

Kuhusu Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa ngazi ya sekondari kutoka Uingereza, sina ubishi juu ya ubora wake. Mihutasari inapatikana bure, vigezo vya usahihishaji viko wazi, na katika sayansi kuna karatasi ya maandishi inayoweza kufanywa badala ya mtihani wa maabara, jambo linalomfaa sana mtoto wa nyumbani. Hata hivyo, mtahiniwa wa nje hana budi kupata kituo kinachokubali kumsajili, ada ni kubwa, na akitaka kurudi katika kidato cha tano cha hapa nchini atahitaji cheti chake kifanyiwe ulinganifu na NECTA. Kwa anayelenga chuo cha ng'ambo gharama hiyo ina maana. Kwa wetu haikuwa nayo. Vile vijitabu vya kujisomea kutoka Marekani tulivipitia haraka na kuvirudisha, kwani historia na uraia wake ni wa nchi nyingine.

Linalobaki bila jawabu la kitabu ni kemia ya vitendo. Titresheni, yaani kupima ukolezi wa kimiminika kwa kukidondoshea kingine, haifanyiki jikoni, na picha ya bureti, ule mrija wenye vipimo unaotumika hapo, haimfundishi mtu kusoma bureti, hivyo mzazi apange mapema na shule yenye maabara na alipie vipindi vya Jumamosi, akianza mazungumzo hayo Januari, kabla maabara hazijashikwa na maandalizi ya kidato cha nne.